Sheria Ndiyo Ilifundisha Magari Kudunda

Wasee, ukiona Impala ya zamani ikidunda barabarani Los Angeles, usidhani ni sarakasi tu. Hiyo ni historia.

Baada ya Vita vya Pili, vijana wa California wenye asili ya Meksiko walipenda gari likae chini, liende mdogo mdogo. Walikata springi, wengine wakajaza magunia ya mchanga kwenye buti. Halafu 1958 sheria ikaja: gari ulilolishusha likikaa chini ya rimu zake, ni kosa.

1959, kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki za ndege kwenye Corvette yake. Mafuta yakisukumwa kwenye silinda, gari linainuka. Yakirudi, linashuka. Polisi wakitokea, anainua. Wakipita, anashusha. Mtamshika na kosa gani?

Mimi naona sheria ile haikusumbuliwa na vyuma, ilisumbuliwa na wenye magari. California yenyewe imeiondoa 2024. Miaka 66! Ingekuwa ni kungoja serikali, hao vijana wangezeeka bila kufurahia gari. Wao walishika spana.