Asali Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa pa kwenda, nilikaa miezi kadhaa kando ya barabara hapa Songwa nikiuza asali ya baba mdogo. Mteja akisimama anauliza, "Ya wapi hii?" Nami najibu bila kupepesa macho, "Ya Tabora, mzee."

Uongo mtupu. Mizinga ilitundikwa kwenye ngitili yetu wenyewe, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini siku niliyosema kweli, mteja alicheka. "Shinyanga kuna miti?"

Swali lile liliniuma, nikaanza kulifuatilia kwa wazee na vitabuni.

Tabora jina lake imelitolea jasho. Enzi za Wajerumani nta ya Unyamwezi ilikuwa ikisafirishwa hadi Ulaya. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka ya 1960 wafugaji nyuki wa huko walikuwa na chama chao cha ushirika. Misitu yao ya miombo ilibaki imesimama.

Sisi je? Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno. Malisho yakageuka vichaka, na vichakani akaingia mbung'o. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilimtuma bwana mmoja, Charles Swynnerton, akapiga kambi Shinyanga kumpiga vita mdudu huyo. Watemi wakaita watu, watu wakaja kwa maelfu na mashoka. Vichaka vikafyekwa, mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Siwacheki wazee wale. Walikuwa wanaokoa mifugo yao. Ila shoka halichagui. Kivuli cha mbung'o kilipoondoka, maua ya nyuki nayo yaliondoka.

Yakafuata mashamba ya pamba, kuni, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu wengi wakaziacha mbali ngitili za baba zao. Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga miaka ya 1980, alishtuka kuona nchi inavyogeuka jangwa.

Wakati wote huo dunia ilitujua kwa jambo moja tu. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, jirani yetu kabisa. Tangu hapo, ukitaja huku kwetu, mtu anawaza kilicho chini ya ardhi. Cha juu nani akiandike?

Basi mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu walileta miche, sawa, lakini dawa kubwa waliikuta kwa Wasukuma wenyewe: ngitili. Ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, ng'ombe wapate chakula kiangazi. Ukilifunga miaka kadhaa, visiki vilivyodhaniwa vimekufa vinachipua. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, mkoa ulikuwa na zaidi ya hekta 300,000 za ngitili. Na nyuki? Hawakuandikiwa barua. Maua yaliporudi, nao walirudi.

Siku moja baba mdogo alinisikia nikimtajia mteja Tabora. Hakusema kitu mpaka mteja akaondoka. Ndipo akaniuliza:

"Kesho akija mtu anataka kuikata hii ngitili achome mkaa, utamzuia kwa lipi?"

"Nitamwambia inatupa asali."

"Asali gani? Si umesema ya Tabora?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimedhani nauongopea mfuko wa mteja, kumbe nilikuwa naikana ngitili iliyotulisha. Miti isiyo na shahidi hukatwa kwanza.

Jioni ile nilichana karatasi ya daftari, nikaandika kwa kalamu ya wino, "Asali ya Songwa", nikabandika kwenye chupa moja moja. Siku iliyofuata wengine walisoma, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Niliuza chupa mbili tu, na kwa kila mnunuzi nilisimulia habari za mbung'o na visiki.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nami naongeza: ukishakula, sema ulikoila. Ewe kijana mwenzangu unayesoma haya, kwenu mnauza nini kwa jina la wengine?