Kabla ya Kupanda Salaita, Pita Kariokor

Nina swali moja kabla adhana ya Maghrib haijakukuta na tende mkononi: ukiwa kwenye matatu unapita Kariokor, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Si la kabila lolote la Kenya, wala si la Mhindi mwenye duka. Ni Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, ambalo kambi yake ilikuwa hapo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wazee wetu walilitamka walivyoweza, likaganda. Dar es Salaam nao wana lao, Kariakoo.

Mimi nimezaliwa hapa Eastlands, madrasa nimesomea Majengo, na wallahi sikulijua hilo mpaka nilipoingia chuo tukapelekwa ziara mbali kabisa, Taita Taveta.

Kama hujasikia, kule kuna waongozaji wanaokutembeza kwenye viwanja vya vita vya Waingereza na Wajerumani. Treni ya SGR inakushusha Voi, halafu mnafuata barabara ya kuelekea Taveta, kama kilomita 110. Mnapita Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, mnafika Salaita, na mwisho Taveta yenyewe mpakani na Tanzania. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, vita vikiwa bado vichanga, na kutoka hapo wakawa wanatuma vikosi usiku kwenda kulipua reli ya Mombasa. Waingereza nao mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuwafuata. Mahandaki bado yapo. Kuna na mbuyu mmoja mkubwa wenye matundu ya risasi, na inasimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwadungua askari mmoja mmoja. Mimi kisa hicho nimekipokea nusu, nusu nyingine nimewaachia wenyewe.

Salaita ni kilima kidogo tu. Ukikiona utasema, ati hiki ndicho kilichowashinda? Tarehe 12 Februari 1916 Makaburu na wazungu wengine wa Afrika Kusini, wageni kabisa katika pori hili, waliamrishwa wakipande. Mizinga ikapiga kileleni, kumbe Wajerumani na askari wao Waafrika wamechimba mahandaki chini, miguuni mwa kilima. Zaidi ya watu 130 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na waliobaki wakarudi mbio. Waliowakinga wasimalizwe walikuwa kikosi cha Kihindi, 130th Baluchis, ambacho wengi wake walikuwa Waislamu wa Punjab na wa mpaka wa Afghanistan. Inasimuliwa kuwa Mabaluchi waliokota bombomu iliyoachwa na wale wazungu wakimbiaji, wakawarudishia pamoja na salamu: tafadhali, msituite tena makuli. Sisi tulicheka pale kilimani mpaka mwongozaji akangoja.

Usidhani lakini Waislamu walikuwa upande mmoja. Mnamo Novemba 1914 Sultani wa Uturuki alikuwa ametangaza jihadi dhidi ya Waingereza, na Wajerumani wakaisambaza habari hiyo huku kwetu kwa bidii kubwa, kana kwamba wao ndio masheikh. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar yeye akasimama na Waingereza. Mombasa kukaundwa kikosi cha Waarabu chini ya Mwingereza Arthur Wavell, mtu aliyewahi kwenda Makka akijifanya Mzanzibari. Aliuawa Mwele, Kwale, Januari 1916. Kwa hiyo waliopigana walikuwa wakielekea kibla kimoja, na anayenufaika yuko kwingine.

Mwisho wa ziara ni makaburi ya Taveta. Ni mahali pasafi, nyasi zimekatwa, kila jiwe lina jina, cheo na tarehe. Wengi walikufa Salaita, na wengine usiku wa tarehe 11 Machi 1916 kwenye vilima vya Latema na Reata, hapo hapo karibu. Nilisoma mawe mpaka nikachoka. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo halikuwa kwenye ratiba: "Na waliobeba hizi risasi mpaka hapa wamezikwa wapi?"

Mwongozaji, mtu mwungwana, alinyoosha mkono tu kuelekea porini.

Hapo ndipo Kariokor yetu inapoingia. Lori zilikwama kwenye matope, ng'ombe na punda wakafa kwa ndorobo, kwa hiyo vita vikabebwa kichwani. Sheria ya 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 machifu walitakiwa watoe wanaume kwa maelfu. Kenya peke yake ilitoa zaidi ya 150,000. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli inakaribia 100,000. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga mbovu usioiva.

Hesabu pamoja nami: Ramadhani ya mwaka 1334 Hijria iliangukia Julai 1916. Mwezi huo jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa limekwama kusini ya Handeni, watu wagonjwa, chakula kidogo. Mpagazi wa Pangani au wa Mombasa aliyekuwa huko alikula daku ya nini?

Na ujira je? Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwahi kuzifikia familia zao. Waliosoma mirathi wanajua maana yake: ni mali ya warithi, na warithi hao ni akina sisi.

Majina nayo hayakuchongwa. Tao, Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba, mmoja wao mpagazi, na maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Basi. Mzungu alipewa jiwe lake, Mwafrika akapewa sanamu ya kushirikiana. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Kazi ya kuyatafuta majina ikaanza.

Sisi vijana wa chama tumeona tusingoje London. Tumenunua daftari. Mzee mmoja wa Pumwani alitutajia babu yake, jina na la baba yake, na kwamba aliondoka nyumbani na shuka moja hakurudi. Bibi mmoja wa Majengo akatupa mawili. La nne limetoka Shauri Moyo. Ukiwa na la tano, hata kama ni jina moja tu bila la ukoo, tunakaa msikitini baada ya Tarawehe, upande wa ngazi.