Mwana hiti: Kasanamu ka mti kalikobeba ukoo mzima

Wadau, ukitaja sanamu ndogo za miti za kale, akili za wengi zinakimbilia Misri. Sawa, wale jamaa walikuwa noma. Walichonga sanamu ya mungu wao Ptah-Sokar-Osiris, wakaipaka rangi, wakaizika na marehemu. Nyingine zilikuwa na tundu, humo wanaficha mafunjo yenye maandishi ya kumsaidia huko aendako.

Haya, turudi nyumbani. Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti. Ni kasanamu ka mti, wengi wao unawashika kwa mkono mmoja tu. Hana mikono wala miguu. Ana kichwa chenye mashungi mawili, matiti na kitovu, basi.

Huyu si mungu, na wala si mdoli wa kuchezea. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, kungwi anamfunda, na anakabidhiwa mwana hiti amlee kama mtoto. Anamwogesha, anampaka mafuta, anamtengeneza nywele. Akimzembea, wazee waliamini uzazi wake utasumbua.

Kwa nini uzito wote huo? Ukoo! Wazaramo, Wakwere, Waluguru, na huku kwetu Kilosa na Mikumi Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, asili yao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mabinti wasipozaa, ukoo umekatika. Ndiyo maana umbo hilohilo lilichongwa hadi kwenye viti vya wakubwa na nguzo za makaburi. Mzee anakaa kitini anatoa amri, kumbe nyuma ya mgongo wake yupo mwanamke.

Sasa kinachouma ni hiki. Kuanzia enzi za Mjerumani, vitu vyetu vingi vya namna hii vilibebwa hadi makumbusho za Ulaya. Pale utakuta kabila limeandikwa, na mara nyingi jina la Mzungu aliyekichukua. Fundi aliyechonga? Hakuna. Mwali aliyemlea? Hakuna. Mmisri wa kale mara nyingi aliandikwa jina lake kwenye sanamu yake, miaka zaidi ya 2000 iliyopita. Bibi zetu wa juzi tu hawana majina.

Makumbusho wanaweza kurudisha mti. Stori zake hawana, ziko kwa bibi zetu, na bibi hawangoji. Ukishuka na SGR pale Kilosa, au ukipita Mikumi kwenda kuona simba, pitia kwanza kwa bibi. Muulize alifundwa na nani, alikabidhiwa nini. Halafu andika JINA.

Wewe kwenu mwali alipewa nini? Funguka.