Mpemba, Friza na Sentimita Moja

Wasee, kuna video yangu moja bado inazunguka huko. Ile nasema kijana wa Tanzania aliwaonyesha wanasayansi wote kwamba maji moto huganda haraka kuliko maji baridi, kesi imefungwa. Sijaifuta. Lakini nimepima mwenyewe hapa Zombe, na lazima niwaambie kitu.

Tuanze na kijana mwenyewe. Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inaisha. Mwenzake mmoja hakuchemsha kabisa, akachanganya na kuweka. Mpemba akaona akingoja atakosa, akasukuma yake ikiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu, yake ilikuwa imeganda. Ya mwenzake bado ilikuwa uji.

Akamuuliza mwalimu kwa nini. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Kuanzia hapo, akikosea hata hesabu, ni kuchekwa kwa hayo hayo.

Halafu profesa wa fizikia, Denis Osborne, akaja shuleni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akainua mkono mbele ya watu wote na kuuliza lile swali. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar, akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kwamba kweli maji moto yalitangulia, lakini asijali, atarudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo lina jina lake dunia nzima.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo mnaelewa kwa nini hii stori niliikumbatia bila kuuliza maswali. Kijana aliyechekwa, kisha akawa sawa. Nilitaka iwe kweli.

Shida ni kwamba tangu 1969 watu wamejaribu, wengine wanaipata, wengine hawaipati. Mwaka wa 2016 watafiti wawili Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, waliirudia kwa uangalifu. Hawakuona ushahidi kwamba maji moto hutangulia kufika nyuzi 0. Na waligundua jambo lililonikosesha usingizi: ukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu, unaweza "kuona" ajabu ya Mpemba hata kama haipo. Maji ndani ya chombo kimoja hayana joto moja, juu ni tofauti na chini.

Kipimajoto chenyewe kinaitwa themokapo. Ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Siri yake imejulikana tangu 1821, kupitia Mjerumani Thomas Seebeck: ncha moja ikiwa na joto tofauti na nyingine, umeme kidogo unazaliwa. Kidogo kweli, karibu mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja katika aina ya K, ambayo ndiyo ya kawaida. Na themokapo haikuambii joto la maji moja kwa moja. Inakuambia tofauti kati ya maji na ile ncha nyingine, kwa hivyo lazima ujue pia joto la pale waya zinapoingia kwenye chipu. Yangu ni MAX31855, inafanya hesabu hiyo na kupeleka namba kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoanza kuuzwa 2012. Inaonyesha robo nyuzi, unajiona mwanasayansi. Lakini watengenezaji wenyewe wanasema inaweza kukosea kwa nyuzi 2. Namba ndogo ndogo si usahihi, manze.

Kwa hivyo nilianza kwa kutumbukiza themokapo zangu mbili kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa. Zote zilipaswa kusoma 0. Moja ilisoma 0.25, nyingine 1.75. Nikaandika, nikaondoa tofauti.

Kisha nikaomba friza ya mama mmoja anayeuza barafu za watoto hapa sokoni. Gilasi mbili sawa, maji kiasi kimoja, moja nyuzi 35, nyingine 70. Ya moto ikashinda! Nilipiga kelele hadi mama akaja mbio. Nikaanza kurekodi video ya pili.

Halafu nikachungulia. Kwenye gilasi ya moto, waya ilikuwa imeteleza hadi chini, ncha imegusa kioo kilichokalia barafu ya friza. Nilikuwa napima friza, si maji.

Nikafunga ncha zote kwenye vijiti, katikati ya maji, kimo kimoja. Nikarudia mara nne. Ya baridi ilitangulia mara zote nne.

Je, Mpemba alidanganya? Hapana. Alisema alichoona, na aiskrimu ya maziwa kwenye friji iliyojaa si gilasi zangu mbili. Swali lake bado linaishi: mwaka wa 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha jambo la aina hiyo kwa punje ndogo sana ya kioo ndani ya maji. Wakubwa wa sayansi bado wanabishana kwa sababu ya mvulana na aiskrimu.

Lakini mimi nilimkosea. Yeye hakusema "niaminini". Aliuliza "kwa nini?", akajaribu tena mwenyewe maabarani. Mimi nikageuza swali lake kuwa jibu ili nipate likes. Tena nikafanya kama yule fundi, nikishangilia matokeo niliyoyataka kabla ya kuangalia waya iko wapi.

Video ya zamani inabaki, na hii naibandika juu yake. Ukiwa na friza na waya mbili, pima. Ukipata tofauti na mimi, nitumie picha, na ionyeshe ncha iko wapi.