Kapi la Mfumaji
Mti wa kuchonga. Côte d'Ivoire, Wabaule.

Uso mzuri kiasi hiki huwafanya wengi wadhani ni sanamu ya ibada. Tazama chini ya shingo: mti umechongwa miguu miwili, na kila mguu una tundu. Hapo kilipita kijiti kilichobeba kigurudumu. Kigurudumu hupotea mara nyingi, na bila hicho, kifaa hubaki fumbo.

Mfumaji, ambaye kwa Wabaule na jirani zao Waguro alikuwa mwanamume, alilitundika kapi juu ya kitanda cha kufumia, mbele ya macho yake. Kamba iliyozunguka kigurudumu ilishikilia jozi ya vitanzi vyenye nyuzi za mtande. Akikanyaga kwa mguu mmoja, nusu ya nyuzi hushuka na nusu hupanda, mshindio ukapita katikati. Alichofuma kilikuwa utepe mwembamba. Tepe nyingi zilishonwa pamoja kupata nguo moja.

Kagua pia utosi, mahali kamba ilipokula mti, na mng'ao ulioachwa na mikono. Makapi mengi yasiyo na dalili hizo yalichongwa kwa ajili ya kuuzia watalii.