George Bass, mzee aliyeachia wengine bahari

Nikisema natoka Mjambere watu wanashika simu zao vizuri. Sawa, tumezoea. Leo sizungumzii mapanga ya Kisauni. Leo namkumbuka mzee mmoja Mmarekani ambaye wengi wenu hamumjui, George Bass, aliyefariki tarehe 2 Machi 2021 akiwa na miaka 88. Sikuwahi kukutana naye, nimemsoma tu kwenye simu, usiku, na bando za shilingi ishirini.

Sasa mtauliza anatuhusu nini. Siku ukiwa upande wa Mkomani, angalia ng'ambo ya maji uone Fort Jesus. Hapo katikati, chini ya ngome, kama mita 15 kwenda chini, kuna manowari imelala. Jina lake Santo António de Tanná. Wareno waliiunda India, ikiwa na mizinga zaidi ya 40, na walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus kuanzia 1696 ndiyo ilitumwa kuja kuwaokoa. Haikuwaokoa. Ilizama Oktoba 1697, na Desemba 1698 ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi, na meli yenyewe ya msaada iko chini ya maji mbele ya macho yao!

Ikakaa hapo karne mbili na zaidi, mpaka wapiga mbizi wawili wa hapa Mombasa, Conway Plough na Peter Philips, wakaigundua na kuwaarifu watu wa Fort Jesus. Kuanzia 1977 hadi 1980 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakafanya kazi ya kuichimba pamoja na taasisi moja ya Marekani ya akiolojia ya baharini. Aliyeongoza pale chini alikuwa Robin Piercy. Na aliyeanzisha taasisi hiyo, mwaka 1973, ni huyo Bass wangu.

Zile kaure za China na vitu vya melini mlivyovipita mbio kwenye safari ya shule ili mkapige picha na mizinga, vilitoka huko. Mimi pia nilivipita mbio, sijifanyi.

Bass alianza hivi. Mwaka 1960 alikuwa mwanafunzi wa miaka 27, akiolojia yake ni ya nchi kavu, ya jembe na brashi. Mwandishi wa habari mmoja, Peter Throckmorton, alikuwa amekaa Uturuki na wavuvi wa sifongo, akiwasikiliza wakisimulia walichokiona chini. Wakamwambia kuhusu shaba iliyolala baharini, sehemu inaitwa Gelidonya. Kumbe ni meli ya miaka zaidi ya 3,000. Wakati huo wasomi walikuwa wanakaa juu kwenye boti, wanangoja mpiga mbizi awaletee vitu. Bass akaenda kujifunza kupiga mbizi kwenye bwawa la YMCA kule Philadelphia, halafu akashuka mwenyewe. Alisema ni rahisi zaidi kumfundisha mwanaakiolojia kupiga mbizi kuliko kumfanya mpiga mbizi awe mwanaakiolojia. Hapo sikubaliani naye mia kwa mia, manake bila wale wavuvi wa sifongo asingejua hata pa kushukia.

Lakini kilichonifanya nimpende ni Uluburun.

Mwaka 1982 kijana mmoja wa sifongo, Mehmet Çakır, aliripoti kuona chini huko Uturuki biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa shaba, tani kumi, pamoja na tani moja ya bati, ndani ya meli ya karne ya 14 kabla ya Kristo. Hii ndiyo meli ambayo kila mtu wa kazi hiyo anaota. Isitoshe, kwa miaka mingi wasomi walikuwa wamempinga Bass kuhusu Gelidonya, aliposema biashara ile ya baharini haikuwa ya Wagiriki peke yao, na meli hii ilimpa nguvu. Akaanza kuichimba 1984. Mwaka uliofuata akamwachia mwanafunzi wake, Cemal Pulak, aongoze. Pulak akaendelea hadi 1994, na leo ukiitaja Uluburun jina linalotajwa ni lake.

Fikirieni hiyo. Mimi nikiwa chuo, mwaka wa pili, nilizunguka Kisauni nzima na daftari kumhoji mzee huyu na yule kwa ajili ya utafiti wa mhadhiri mmoja. Jua la saa nane, nauli yangu mwenyewe. Ripoti ilipotoka jina langu halikuwepo, hata kwenye shukrani. Sikuacha chuo kwa sababu hiyo, karo ndiyo ilinimaliza. Lakini nilipobeba begi langu hakukuwa na mtu pale niliyeona nikimwaga nitalia. Wanafunzi wa Bass walimlilia.

Sisi pia tumepata wetu, ingawa imechukua muda. Caesar Bita wa Makavazi anashuka mwenyewe, na kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, amefanya kazi kwenye meli nyingine ya zamani iliyozama na shaba na pembe za ndovu. Mkenya, ndani ya maji yetu. Wangapi kati yenu mmewahi kuambiwa shuleni kwamba hiyo ni kazi mtu anaweza kuifanya? Mimi niliambiwa daktari, rubani, wakili. Na nimelala nikisikia bahari maisha yangu yote.

Mbao za Santo António bado ziko pale. Walipomaliza kuzipima na kuzichora walizifunika tena na mchanga, hawakuzitoa. Jumamosi alfajiri nateremka ufukweni na kamera kuwangoja wavuvi wakirudi. Nina swali moja tu la kuwauliza wazee wangu: nyavu zenu huwa zinakwama wapi?