Kuitambua Ndege ya Zamani kwa Picha ya Chumba cha Rubani

Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake walirudi makwao katika nchi tatu, kila mmoja na kumbukumbu zake. Mtu wa Babati, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, akifungua sanduku la marehemu mzee wake na kukuta picha ya ndani ya ndege, nyuma yake pameandikwa neno “ndege” na lingine “rubani”, ana haki ya kuuliza ni ndege gani hiyo, na mzee alikuwa nani ndani yake.

Maneno hayo mawili hayamsaidii sana. “Ndege” limelishinda neno “eropleni” lililotumika zamani, na kwa kushinda huko limekusanya chini yake kila chombo kirukacho, cha mbao na cha jeti. “Rubani” nalo limetoka baharini, pamoja na dira, usukani, abiria na rafadha. Pwani rubani alikuwa mjuzi wa njia, aliyekiongoza chombo kupita miambani hadi bandarini. Mwenye amri alikuwa nahodha. Angani kazi zote mbili zimeingia katika neno moja, na nahodha amebaki majini (na katika kandanda). Kwa hiyo lile ambalo lugha imelificha hapana budi litafutwe katika picha yenyewe.

La kwanza ni kuhesabu nyenzo za kuongezea mafuta, zilizopangwa mbele ya rubani au katikati ya viti viwili, kwa kuwa kila injini ina wenzo wake. Nyenzo tatu ni jambo la nadra, nazo huirudisha picha nyuma kabisa, kwenye ndege za Hercules za Imperial Airways, kampuni iliyofungua mwaka 1932 njia ya kwenda Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Nyenzo mbili na kiti kimoja tu, rubani akiwa peke yake puani mwa ndege, ni dalili ya Dragon Rapide, ndege ya mbao yenye mabawa mawili mawili. Shirika lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege sita za namna hiyo. Nyenzo mbili na viti viwili ni mashaka zaidi. Yaweza kuwa Lodestar, au Dakota, au Friendship iliyoanza kutumiwa na shirika mwaka 1962. Hapo itazamwe dirisha la ubavuni. Katika Dakota injini na rafadha huonekana karibu na bega la rubani, ilhali Friendship ina bawa la juu na injini zake zimening’inia nyuma yake. Lodestar na Dakota hazitenganishwi kwa wepesi huo, na mwenye kukata shauri kwa dirisha peke yake amefanya haraka.

Nyenzo nne zina habari ndefu kidogo. Argonaut, iliyoingia mwaka 1957, ilikuwa na injini nne za Merlin zenye rafadha, na kwa sababu hiyo kando ya nyenzo za mafuta palikuwa na nyenzo nyingine za kurekebisha rafadha. Zisipokuwapo hizo, ndege ni ya jeti: Comet ya mwaka 1960 ama Super VC10 ya mwaka 1966. Kinachozitenganisha vizuri ni herufi ndogo za usajili, ambazo aghalabu hubandikwa kwenye ubao wa saa ili rubani azisome anapozungumza kwa redio. Kabla ya uhuru ndege za Kenya zilianza na VP-K na za Tanganyika na VR-T. Baada ya uhuru zikawa 5Y kwa Kenya, 5H kwa Tanzania na 5X kwa Uganda. Super VC10 zilifika uhuru umekwisha kupatikana. Basi jeti ya shirika hilo yenye nyenzo nne na alama ya VP-K ni Comet, na picha ni ya miaka ya mwanzo kabisa ya sitini. Alama ikiwa 5H, ndege yaweza kuwa yoyote katika hizo mbili, na mwaka 1960 ulioandikwa nyuma ya picha ni wa kukataliwa, hata kama mwandiko ni wa mzee mwenyewe.

Linabaki swali la mzee, nalo ndilo zito kwa jamaa zake. Kiti cha kushoto ni cha mkuu wa ndege, cha kulia ni cha msaidizi wake. Katika Comet na Super VC10 alikuwapo pia mhandisi, mwenye kiti chake nyuma yao na ubao wake wa saa. Mtu aliyeketi huko nyuma, akigeukia saa hizo, hakuwa rubani, wala hakuwa mgeni: kazi yake ilikuwa kuzilinda injini nne tangu kuruka hadi kutua. Bali aliyeketi kushoto bila mkanda wala vyombo vya masikioni, na dirishani yanaonekana majengo ya kiwanja, huenda ni fundi aliyepumzika kidogo baada ya kazi, au mtumishi aliyeombwa na mpiga picha akae hapo.